Pesa Isiyo na Tundu

Watu wengi huacha kazi wakiwa na mvi. Mimi ninaiacha na kichwa cheusi na meno yote. Kilichozeeka ni magoti, na hayo ni mambo ya baiskeli. Bwana Andrea anarudi kwao Ugiriki, duka linabaki kwa mpwa wake, na mpwa amechukua vijana wawili waendelee na meza ya pesa za zamani. Aliniomba niwaeleze ninyi kazi. Nilijaribu kwa mdomo, nikaona mnatazama mlango. Basi naandika. Nilisoma miaka minne tu kwa mapadri wa Kasongo, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya, isukumeni wenyewe.

Nilipanda cheo lini na nililipwa nini, hayo siandiki. Hayawasaidii ninyi, na mimi mwenyewe hayanichekeshi.

Kazi yenyewe ni hii. Huko Ulaya kuna watu wazima, wenye wake na watoto, wanaokusanya pesa ambazo hazinunui tena kitu. Wanazilaza ndani ya masanduku yenye kitambaa laini na kuzitazama siku ya Jumapili. Bwana Andrea, katikati ya biashara yake ya mawese na mpunga, aliwatumia pesa hizo kwa posta. Na kwetu ziko nyingi. Waarabu walikuja na reale za fedha, wengine wakaja na rupia kutoka mashariki, kisha Serikali ya kwanza ya Wazungu ikaleta santimu za shaba zenye nyota na tundu katikati. Kila aliyepita Kasongo na Nyangwe aliangusha kitu. Sisi tuliokota.

Siku yangu ya kwanza nilipewa ndoo ya santimu, nyeusi kama maharagwe yaliyoungua. Bwana akasema: tenganisha kubwa na ndogo, narudi saa sita. Saa nne nilikuwa nimemaliza, na mimi si mtu wa kukaa bure. Nyuma ya duka kulikuwa na majivu, na ndimu hazikukosekana. Nikasugua. Nilisugua kama arobaini hivi, nikazipanga juu ya jani la ndizi, zikawaka mpaka karani wa duka la jirani akaja kuangalia. Nikawa namsubiri Bwana. Mawazoni mwangu nilikuwa tayari msimamizi, na nyumba yangu ilikuwa na bati.

Bwana Andrea aliingia, akatazama, akakaa juu ya gunia la mpunga.

"Nani amekuambia fanya hivi?"

"Mama yangu, Bwana. Kitu cha kuuza kinaoshwa."

"Mama yako iko na akili. Anauza mihogo." Akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ilikaa miaka sitini kutengeneza ngozi yake. Weye umeichuna asubuhi moja."

Hakupiga kelele. Alinipa karatasi niandike vibandiko arobaini vyenye neno moja: *imesuguliwa*. Neno hilo siwezi kulikosea tena mpaka nife. Na ninyi lishikeni: weusi wa shaba na ukijivu wa fedha si uchafu. Ni ngozi. Mwenye kukusanya analipia ngozi. Udongo mkavu unaondolewa kwa maji na kitambaa, taratibu, na ukiwa na shaka unauacha. Hata jasho la vidole linaacha alama, kwa hiyo pesa inashikwa kwenye ukingo, kama mnavyoshika kikombe cha chai ya moto.

Baada ya hapo Bwana aliamua kwamba nahitaji mwalimu ambaye si mama yangu. Akanipeleka Nyangwe kwa Mzee Ramazani, mfua fedha, aliyekuwa akigeuza reale kuwa bangili tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilikaa kwake msimu mzima wa mvua. Hakunipenda.

"Umetumwa uje kuniibia macho," aliniambia siku ya kwanza.

"Hapana, Mzee. Nimetumwa nijifunze."

"Ndiyo hiyo. Iko na jina zuri tu. Funga macho."

Nikafunga. Akaangusha pesa moja juu ya jiwe, kisha ya pili. Ya kwanza iliimba mpaka ikachoka yenyewe. Ya pili ilisema *tak*, ikanyamaza. Ya pili ilikuwa madini ya risasi yaliyopakwa fedha. Kwa majuma mawili sikufundishwa kingine, ni kusikiliza tu, mpaka nikawa nasikia vijiko vya mke wake vikianguka jikoni na kujua kipi ni cha bati. Kisha akanifundisha kunusa: shaba ukiisugua kwa kidole inanuka, fedha hainuki. Kisha kupima kwa mizani ndogo. Macho yalikuja mwisho. Alisema macho yanapenda kuamini.

Reale nyingi mtakazoziona zina picha ya malkia mnene na mwaka 1780. Zote. Nilimwuliza Mzee kama mwaka ule watu walikuwa na kazi nyingi hivyo. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

"Wanazitengeneza mpaka leo, na wanaandika mwaka uleule. Huyo mama hazeeki."

Kwa hiyo mwaka hausaidii. Mnatazama kito kilicho begani, lulu za kichwani, na maandishi ya ukingoni. Vielelezo nimevichora kwenye daftari la kijani.

Jambo kubwa alilonipa Mzee Ramazani nilipewa juu ya sahani ya ugali na samaki. Nilikuwa nimechanganya tena. Nilikuwa nimeweka pamoja santimu ambayo tundu lake limekaa pembeni na santimu iliyogongwa nyundo. Kwangu zote mbili zilikuwa pesa mbovu.

"Nionyeshe mukono wako," akasema. Nikamwonyesha. "Kuna mutu amezaliwa na vidole sita, na kuna mutu amekatwa kidole. Mikono yao yote haifanani na yako. Ni mutu mumoja?"

"Hapana, Mzee."

"Basi kula."

Tangu siku ile niliita la kwanza kosa na la pili jeraha, na duka zima likafuata. Kosa pesa imezaliwa nalo kiwandani: tundu limetobolewa pembeni likakata mkono wa nyota, au ukingo umekatwa kama biskuti iliyong'atwa, au picha imepigwa mara mbili na herufi zina vivuli. Jeraha imelipata duniani, kwetu sisi: meno, nyundo, moto wa nyumba, kitanzi cha kuvaa shingoni, msumari. Kosa linapandisha bei, jeraha linaishusha. Na namna ya kuzitofautisha ni kutazama shaba ilivyokwenda. Kiwandani kila kitu kilibanwa pamoja, kwa hiyo kwenye kosa midomo ya tundu ina ngozi ileile ya pesa nzima, na uzee uleule. Tundu la nyumbani lina mdomo uliovimba upande mmoja, na ndani yake ni jekundu bado, kama kidonda.

Kiwanda hicho sijawahi kukiona. Nimekiota mara nyingi, kikiwa na mashini kubwa kuliko kanisa, na mfanyakazi mmoja anayesinzia baada ya chakula cha mchana. Makosa yote mazuri niliyoyapata, nilikuwa namshukuru yeye.

Bwana aliponiamini, alinipa baiskeli na mfuko, na nikaanza mizunguko: Nyangwe, Kabambare, Wamaza, na vijiji vya katikati. Jina langu halikudumu. Watoto waliniona kwa mbali wakaanza: "Pesa-Mbovu anakuja! Pesa-Mbovu anakuja!" Watu wazima hawakuwa bora. Mwanamke mmoja sokoni Kabambare aliniuliza kama nanunua pia waume wabovu, anaye mmoja, ana jeraha la kulala. Nikamwambia bila kosa la kiwandani siwezi. Akasema: "Analo. Mulize mama yake."

Pale Kabambare ndipo katekista mmoja alinipa kesi iliyonisumbua siku nzima. Alikuwa na faranga yenye mfalme pande zote mbili, ule mti wa mchikichi wa upande wa pili hakuna. Nilikuwa nimeshamwona mfanyakazi wangu wa kiwandani anasinzia. Kisha nikasoma. Upande mmoja uliandikwa Kifaransa, upande wa pili Kiflama, lugha nyingine ya Wabelgiji. Serikali ilizitoa faranga za lugha mbili, lakini kila moja na yake, hazikuchanganywa. Nikaiangusha juu ya jiwe. *Tak.* Mtu alikuwa amesugua faranga mbili zikawa nyembamba, akazigandisha mgongo kwa mgongo.

"Katekista," nikasema, "hii unaitumia wapi?"

"Kwaya," akasema, bila aibu. "Tunairusha juu. Kichwa, wanaanza wanawake. Mti, wanaanza wanaume."

"Na wanaume wameanza mara ngapi?"

"Wanaume wetu wanaimba vibaya."

Nilimwachia. Ilikuwa na kazi kuliko nyingi nilizonunua.

Sasa nakuja kwenye sheria ya Bwana Andrea, maana ndiyo iliyoleta yale ya Wamaza. Sheria ilikuwa: usisifu kitu mbele ya mwenye nacho. Ukiona kosa zuri, nyoosha uso, sema "hm", tafuta ubaya, ndipo utaje bei. Wanunuzi wote wa mpunga na wa mafuta wanafanya hivyo, na mimi niliona ndivyo dunia ilivyo. Nilikuwa hodari. Nilijua kusema "hm" ya aina saba.

Wamaza nilikuwa napumzika kwenye uwanja wa Mama Salima. Alikuwa mjane wa mwaka ule, mwanamke wa maneno machache, mrefu, aliyekuwa akinipa maji kabla sijaomba. Alikuwa bado kwenye matanga. Kwa desturi ya ukoo wa marehemu, siku ya kuondoa matanga mjane anaulizwa mbele ya watu anakwenda nyumba ya nani. Jibu linajulikana: kwa ndugu wa mume. Ndugu huyo alikuwa Shabani, mwenye wake wawili na kicheko kikubwa, na tayari alikuwa akipita uwanjani akipima nguzo za nyumba kwa macho.

"Mjane akiwa na kazi yake ya mikono, wazee hawawezi kumlazimisha," Mama Salima aliniambia. "Wanauliza: utakula nini? Ukiwa na jibu, wanakuacha. Duka lenu liko na mashini ya kushona pale dirishani. Ni bei gani?"

Nikamtajia. Akaingia ndani, akatoka na fundo la kitambaa. "Hii ilikuwa ya mama mukwe. Sokoni wameikataa tangu zamani. Angalia kama inafaa hata kidogo."

Ilikuwa santimu kumi ya Serikali ya kwanza, ile kubwa ya shaba. Nyota katikati. Tundu hakuna.

Mnajua kwa nini soko liliikataa. Zamani santimu zilitungwa kwenye kamba ya ukindu, kumi kumi, na hivyo ndivyo zilivyopita mkono hata mkono. Isiyo na tundu haitungiki, kwa hiyo watu walisema ni ya uongo. Ile familia ilichekwa nayo, ikaificha.

Niligeuka kidogo niwe na mwanga. Kwanza niliwaza kwamba tundu limezibwa, maana kuna wafua chuma wanaoweza. Nikaipumulia: tundu lililozibwa linaonyesha duara jembamba mvuke ukiondoka. Hakuna duara. Nikaiangusha juu ya jiwe la kusagia: iliimba. Nikaiweka kwenye mizani: nzito kuliko ndugu zake, kwa uzito uleule wa kipande ambacho kingetoka. Nikatazama kwa kioo cha kukuza: katikati ya nyota palikuwa na kiwanja kidogo, laini, chenye ngozi nyeusi ileile. Ilikuwa imezaliwa hivyo. Katika miaka yangu yote sikuona ya pili.

Nikanyoosha uso. "Hm," nikasema.

"Mbaya?"

"Haina tundu, Mama. Zingine zote ziko na tundu. Leo siwezi kutaja bei."

"Kwa hiyo ubaya wake ni hilo tundu tu?"

"Ni hilo tu."

Nataka muelewe kwamba sikuwa na nia mbaya, ingawa nia haibadilishi kitu katika hesabu hii. Mfuko wangu wa safari ulikuwa na pesa kidogo. Ningeinunua siku ile, ningempa bei ya shaba, na Bwana angefurahi. Niliiacha mkononi mwake makusudi, nirudi na bei ya kweli. Niliona uso wake utakavyokuwa. Kumwambia sikumwambia, kwa sababu ya sheria, na kwa sababu napenda kuona watu wakishangaa.

Kasongo, Bwana Andrea aliutazama mchoro niliomchorea wa ile santimu kwa muda mrefu. Aliniuliza kuhusu mvuke, mlio, mizani. Kisha akapiga mluzi.

"Mashini ya dirishani," akasema, "na kitambaa cha gauni tatu juu yake. Bado tutapata faida. Lakini usishushe mashini kabla hujashika pesa."

Mashini ya kushona ni chuma kitupu. Niliifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mpira na gunia, na kwenye milima nilisukuma. Nilivuka mito kwenye mtumbwi nikiwa nimeikumbatia, na mvushaji akaniuliza kama ni mke. Nilikuwa naimba. Watoto wa vijiji hawakuniita Pesa-Mbovu safari ile, walidhani nimebeba gramafoni.

Nilifika Wamaza mchana. Mama Salima alikuwa uwanjani na majirani wawili wakimenya karanga, na Shabani amekaa kwenye kiti cha marehemu. Mama Salima aliona gunia, akaona gurudumu la mashini linachungulia, akainuka.

"Hiyo ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, Mama. Lete pesa."

Akaingia, akatoka na fundo, akalifungua mbele yangu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Tundu lilikuwa katikati kabisa. Mfua chuma alikuwa amefanya kazi nzuri, lazima niseme hivyo. Duara safi, katikati ya nyota, na midomo ameisawazisha kwa tupa.

"Nilimpa jogoo," akasema. "Kuku jike alikataa. Sasa iko sawa na zingine?"

"Sasa iko sawa na zingine, Mama."

Nilitoa kioo nikatazama, ingawa hakukuwa na la kutazama. Ndani ya tundu shaba ilikuwa nyekundu. Nikakaa chini, na nadhani nilikaa kama Bwana Andrea alivyokaa juu ya gunia. Wote walikuwa wakinitazama, na kamba za mashini zilikuwa bado zimefungwa. Ningeweza kusema "hm". Ningeweza kusema bei imeshuka Ulaya, na hakuna mtu pale ambaye angejua.

Nikasema: "Mama, bei yake ilikuwa kukosa tundu. Kule kiwandani walisahau kuitoboa. Kwa ajili hiyo tu ilikuwa inanunua mashini hii, na kitambaa juu. Sasa ni santimu kumi ya kawaida, na tena ina jeraha."

Karanga ziliacha kulia kwenye ungo.

"Siku ile ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza ubaya wake, ukasema ni tundu."

"Ndivyo nilivyosema."

Shabani alicheka kicheko chake. "Basi, mashini irudi Kasongo, na mujane abaki Wamaza. Kila kitu na mahali pake!"

Nilisimama nikaanza kufungua kamba. Sikuwa nimefikiri nitamwambia Bwana nini. Niliona tu kwamba siwezi kurudi na chuma kile. Mama Salima akaja akashika mkono wangu. Si kwa upole.

"Mashini ni yako?"

"Ni ya duka."

"Ukiiacha, watakufukuza. Nani atakuja tena hapa kusema ukweli, hata kama anausema umechelewa? Funga." Nikafunga. Alisimama akiitazama ile santimu. "Mpaka Kabambare, nani mwingine anajua kusoma hizi pesa?"

"Hakuna, Mama."

"Na weye unaonyeshwa ngapi? Unaonyeshwa za wanaume. Wanawake wanazishona kwenye pindo la kitenge, wanazificha kwenye kibuyu cha chumvi. Hawatakuonyesha weye." Akavuta mkeka. "Umenitobolea pesa yangu. Sasa kaa hapa unifundishe macho yako."

Nilikaa siku tatu. Alijifunza kwa mpango ambao Mzee Ramazani angeuchukia, yaani macho kwanza, na kwa maswali mengi. Kwa nini ngozi? Kwa nini wanapenda makosa, hao watu wa Jumapili? Siku ya pili aliwaita majirani walete walichonacho, na mbele yangu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanywa na mnunuzi. Alichukua rupia ya mwanamke mmoja, akasema kwa sauti: "Hii ni nzuri. Maandishi yako yote, haijasuguliwa. Usiitoboe, usiioshe, usimupe mutu chini ya bei hii." Akanigeukia nitaje bei. Nikaitaja. Yule mwanamke akaifunga tena ndani ya kitenge, akaondoka nayo. Nikafikiri, hapa duka limekwisha. Saa moja baadaye alirudi na rupia hiyo, na reale nne, na dada yake.

Nilirudi Kasongo na mashini nyuma na mfuko umejaa mbele. Bwana Andrea aliitazama mashini. "Umeitembeza," akasema. Nilimweleza yote, pamoja na "hm". Akafungua vifurushi. Kila pesa ilikuwa imefungwa kwenye kipande chake cha kitambaa, bila alama ya kidole. Kulikuwa na santimu yenye tundu la pembeni, limekata mkono wa nyota.

"Nani amefunga hizi?"

"Mama mmoja wa Wamaza."

"Mwambie alete zingine."

Hiyo ndiyo barua ya kazi aliyopewa. Bwana hakuwahi kuandika nyingine. Na ile sheria yake ya kutosifu hakuifuta kwa mdomo. Aliacha tu kuitaja, alipoona vifurushi vinakuja vingi kutoka upande ambao bei inasemwa kwanza. Basi ninyi msiulize sheria ya duka ni ipi. Ni hii: unasema unachokiona, kisha unanunua. Kama mwenyewe anataka kuondoka nacho, mwache aondoke akijua.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwako. Walimnyoa, akaoga, akavaa nguo ya rangi. Wazee wakakaa. Shabani akaweka mbele yake jembe na kitenge kipya, kama desturi yao. Mzee wa ukoo akauliza: "Salima, unakwenda nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Utakula nini?"

Alifungua mfuko wake, akatoa malipo ya mwezi ule niliyokuwa nimemletea asubuhi, noti mpya kutoka dukani, akayaweka juu ya mkeka bila kuyahesabu. Wazee waliyatazama, wakatazamana. Mmoja akauliza kama kazi hiyo itaendelea. Mama Salima akamwambia kwamba yeye mwenyewe, mzee, ana pesa ya fedha kwenye kitanzi cha fimbo yake, na kitanzi kimeishusha bei, lakini asihuzunike, imebaki ya kutosha mbuzi mmoja. Watu wakacheka mpaka mzee naye akacheka. Kisha Mama Salima akainua kitenge cha Shabani, akakikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji. Mupe bibi yako mukubwa. Rangi hii inamufaa."

Mashini ilibaki dirishani mpaka ikanunuliwa na mwalimu. Nilimwuliza Mama Salima mara moja kama bado anaitamani. Alisema kushona kunavunja mgongo.

Juma lililofuata, siku ya soko, alitandika mkeka mbele ya nyumba yake, mimi pembeni na daftari. Watu walipanga mstari. Wa tatu alikuwa Shabani, anatazama angani kama aliyepita tu kwa bahati. Akatoa pesa kubwa ya fedha ya mfalme mwenye ndevu, akaiweka mkekani.

Mama Salima aliishika kwenye ukingo, akaigeuza, akaipumulia, akaiangusha kwenye jiwe. Iliimba.

"Shemeji, ni ya kweli," akasema. "Imeoshwa kwa majivu, nayo imegongwa hapa chini ya ndevu. Nitakupa bei ya fedha yake, zaidi haina." Akamtajia. Shabani akakubali. Alipokuwa anaondoka, Mama Salima akaniambia niandike, kisha akapaza sauti kidogo, ili haki itendeke:

"Lakini ile ya bibi yako mudogo, shemeji, ambayo hajakuonyesha, ile ni nzuri sana."